Mpaka Injini Ipate Moto

Kila asubuhi, wanawake wa Usenge wakiwa bado wanatandaza omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, Tom dereva alifungua boneti ya gari la Mwenyekiti Oketch, akapima oili kwa kijiti, akakipangusa kijiti kwenye suruali yake, akaingia ndani na kuwasha. Gari liliwaka. Kuwaka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa baadaye. Injini ilitikisika mpaka vioo vikalia, ikatoa moshi mweupe wa kuchoma macho, na ikitiwa gia gari lilienda kwa kurukaruka kama punda aliyekanyaga msumari. Likishapata moto lilitulia, na siku nzima hakuna aliyeweza kulilaumu kwa lolote. Ni ile baridi ya kwanza tu.

Lilikuwa gari refu la dizeli, lenye mlango mpana wa nyuma unaofunguka pande mbili. Kila mtu alijua kwa nini mlango ule ulikuwa mpana. Gari lilinunuliwa liwe ambulensi. Hilo halijawahi kuwa siri. Wanawake wa omena walitoa beseni la kwanza la kila siku msimu mzima, wenye mashua wakatoa samaki, kanisa moja la ng'ambo likaongezea zilizopungua. Lilipofika, padre alilinyunyizia maji na sheikh akaliombea dua, watu wakapiga vigelegele. Wengi waliopiga vigelegele siku ile wako chini ya ardhi sasa, na walienda huko wakingoja gari.

Lilibeba mgonjwa mmoja: mjomba wa Oketch, aliyekuwa na jino bovu. Kisha king'ora kikatolewa kwenda kutengenezwa, na mpaka leo ndicho kengele ya geti la Oketch. Mgeni akibonyeza, mtaa mzima unajua Mwenyekiti ana mgeni. Kitanda cha wagonjwa kiliwekwa sebuleni, kikashonewa mto wa maua, wakakikalia waheshimiwa wakila kuku. Yale maandishi mekundu ya ubavuni yalipakwa rangi nyeupe, rangi rahisi, kwa hivyo umande ukitua yalitokeza tena, AMBULENSI, mpaka jua liyakaushe. Watu waliyasoma kila asubuhi, wakapita na beseni zao. Kamati ya ambulensi haikukutana tena, lakini Oketch alibaki Mwenyekiti. Watu wa Usenge wana heshima kubwa kwa vyeo ambavyo havina kazi.

Basi gari likapelekwa kwa Wechuli, makanika wa Kisumu, ambaye gereji yake iko nyuma ya soko la Kibuye, mabati juu na oili chini. Tom aliliendesha kutoka Usenge hadi Kisumu, na lilipofika lilikuwa moto na likilia vizuri.

"Hii gari haina kitu," Wechuli alisema.

"Ngoja ilale hapa," Tom akamwambia. "Utaiona asubuhi."

Asubuhi Wechuli aliiona. Alisimama kwenye moshi mweupe, mikono kiunoni, na akasema jambo ambalo alikuwa akiwaambia wenye magari ya dizeli maisha yake yote.

"Ni hita. Hita zote zimekufa."

Hita zikabadilishwa, zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha. Gari likaruka vilevile. Wechuli akasema zile zilikuwa za kuiga, akaweka orijino. Likaruka. Akabadilisha filta ya dizeli, akapampu kwa mkono kutoa hewa kwenye laini. Akafungua nozo zinazonyunyiza dizeli, zikaenda kupimwa, zikarudi zimesifiwa. Akarekebisha tapeti. Akaonja dizeli kwa ulimi, akatema, akasema wauzaji wa Bondo wanachanganya na mafuta ya taa. Tanki likamwagwa, likajazwa dizeli ya Kisumu. Asubuhi yake likaruka kama kawaida. Wechuli hakuwa mtu wa kuaibika. Alisema sasa amebakisha kulisikiliza njiani, na akaja Usenge, akalala kwa shemeji yake, na asubuhi akapanda mbele kati ya Tom na Oketch.

Oketch alikuwa anaenda Kisumu, kwenye hoteli moja ya ufuoni, kujadili afya ya akina mama. Alikuwa amevaa suti. Gari lilitoka getini likichechemea, likafika mbele ya kibanda cha Fabian fundi cherehani, likazima.

Fabian na mkewe Kageha walitoka Maragoli zamani, wakaja kutafuta maisha Usenge. Yeye alishona, mkewe alikaanga mandazi hapo kando. Fabian ndiye aliyeshona ule mto wa maua. Sasa figo zake zilikuwa zimekufa. Jumanne na Ijumaa alitakiwa awe hospitali kuu ya Kisumu, kwenye mashine inayoosha damu, na Ijumaa iliyopita hakuwa amefika, kwa hivyo uso wake ulikuwa umejaa maji na viatu vyake havikuingia. Alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya barabara, miguu ndani ya sapatu za mkewe, kadi ya hospitali mkononi.

Kageha aliweka kijiko cha mandazi chini, akasogea dirishani.

"Mwenyekiti, habari ya asubuhi. Si mnaenda Kisumu? Mbebeni basi Baba Becky. Nafasi iko."

Oketch alikuwa ametoa kiwiko nje. Umande ulikuwa haujakauka, na ile herufi ya kwanza ilikuwa chini kidogo ya kiwiko chake.

"Mama Becky," akasema, "hii si ambulensi."

Tom aliwasha. Injini ikakohoa mara moja, ikafa. Akawasha tena, ikafa kabla hajatoa mkono kwenye ufunguo.

"Mwenyekiti," Wechuli akasema, "hii gari nyuma ni nyepesi sana. Wacha huyo mzee akae nyuma pale kwa ekseli, nione kama inaruka sababu ya uzito."

Kwa uzito, Oketch alikubali. Kageha na Tom walimnyanyua Fabian, wakamkalisha nyuma penye alama za bolti za kile kitanda. Tom akawasha. Moshi mweupe ukakatika. Injini ikalia laini, mshono mmoja baada ya mwingine, kama cherehani ikipita kwenye kitambaa chepesi.

"Shuka, mzee," Wechuli akasema.

Fabian akashushwa. Gari likatikisika, kikombe kikaanguka dashibodi.

"Panda."

Akapandishwa. Likatulia.

Wechuli ni mtu wa kazi. Alimshusha Fabian, akapakia gunia la mahindi lenye uzito kuliko Fabian. Likaruka. Akapanda yeye mwenyewe nyuma. Likaruka. Akaitwa mpwa wa Oketch, karani wa soko, ambaye alikuwa nyumbani tangu Krismasi kwa maumivu ya mgongo. Gari lilimtikisa mpaka akashika paa, na Jumatatu mpwa alionekana kazini. Akaitwa Nabututu, muuza mboga za sukuma, aliyekuwa na kikohozi alichokiita vumbi. Nabututu alipoketi, injini ilitulia kama maji ndani ya mtungi.

"Hiyo si vumbi, mama," Wechuli alimwambia. "Enda hospitali."

"Na gari gani?" Nabututu akauliza, na akashuka, kwa sababu sukuma zake zilikuwa juani.

Wechuli akafunga boneti na kupangusa mikono.

"Mwenyekiti, nimepata. Hii gari ikiwa baridi inataka mgonjwa. Ikishapata moto haina haja na mtu."

"Sasa dawa yake?"

"Haina dawa. Si ugonjwa. Ni vile iliundwa."

Oketch alitazama saa. Akina mama walikuwa wanamngoja wajadiliwe. Akasema, "Haya, mpakie."

Hivyo ndivyo Fabian alivyoanza kwenda hospitali kwa gari lile. Ile injini ilikuwa na tabia ya kukawia kupata moto. Walipita Nyamonye ingali baridi, wakapita Bondo, Ndori, Holo, na ilikuwa karibu na Kisian, mji wa Kisumu ukionekana, ndipo mshale wa joto ulipopanda. Kutoka Kisian hakuna mtu mwenye akili ambaye angemshusha mgonjwa, si kwa huruma, ila kwa sababu hospitali ilikuwa njiani na kusimama mara mbili ni kazi. Kwa hivyo Fabian alishushwa langoni pa hospitali Jumanne na Ijumaa, wiki baada ya wiki. Siku nyingine za wiki, Mwenyekiti akiwa na safari, alipandishwa Nabututu, ambaye bado hakuwa na kadi ya hospitali, akashushwa Kisian, akatafuta mwenyewe njia ya kurudi.

Uso wa Fabian ulipungua. Viatu vikaingia. Akakaa tena kwenye cherehani nusu siku, akashonea shule sare. Kageha alikuwa akikaanga huku akiimba nyimbo za kwao. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu mwaka jana na miguu ilikuwa inamvimba jioni, lakini hayo alisema ni jua na kusimama.

"Mungu ni mkubwa," watu walimwambia.

"Mungu hana gari," Kageha akawajibu. "Hilo gari ni letu. Mmesahau?"

Walikuwa hawajasahau. Walitazama kando tu. Kuna watu ambao ukiwakumbusha walichoibiwa wanakukasirikia wewe.

Mambo yaliharibika hotelini. Siku moja Oketch alichelewa, akaingia moja kwa moja hotelini na Fabian nyuma, kadi mkononi, Kageha kando yake. Waheshimiwa wenzake walikuwa wamesimama kwenye ngazi na vikombe vya chai.

"Omera, ndugu yangu," mmoja akamwita, "kumbe siku hizi unaendesha ambulensi!"

Wakacheka. Oketch naye akacheka, lakini shingo ilimwiva. Mtu huyu alikuwa amelala miaka yote hiyo na gari la wagonjwa uani, kitanda cha wagonjwa sebuleni na king'ora cha wagonjwa getini, na hakuwahi kukosa usingizi. Kilichomwaibisha ni kufanana na mtu aliyelirudisha kwa wagonjwa.

Alienda moja kwa moja kwa Wechuli, Fabian na Kageha wakiwa bado ndani ya gari.

"Nieleze. Kwa nini inachukua mpaka Kisian kupata moto? Magari ya wenzangu hata kilomita chache hayamalizi."

"Ah, hiyo ni themostati," Wechuli akasema bila haya. "Haina themostati. Nilitoa mimi. Kila gari ikija hapa natoa."

"Unatoa kwa nini?"

"Jaduong', mzee wangu, themostati ni kitu ya nchi ya baridi. Inafunga maji mpaka injini ichemke. Hapa Kisumu joto yote hii, ya nini? Sisi wote tunatoa. Ukipita gereji zote za Kibuye, utaokota themostati kama karanga."

Ni kweli. Makanika wote wa pande zile huzitoa, na hakuna aliyewahi kuwauliza waliona wapi. Injini za Kisumu zinatembea baridi, zinakula dizeli ovyo, zinakufa mapema, na makanika wanazizika na kulipwa. Kwa mara ya kwanza tangu desturi hiyo ianze, ilikuwa imemfaa mtu. Ilikuwa imempa Fabian barabara yote kutoka Usenge hadi Kisian.

"Rudisha," Oketch akasema.

Kageha alisikia. Waliposhushwa hospitalini alimwacha Fabian kwenye mashine, akatembea kwa miguu mpaka duka la vipuri la Abeid, karibu na msikiti, ambako Wechuli alinunua vitu vyake. Abeid alikuwa mzee mpole wa kofia ya kufuma, na alimkaribisha kiti kabla ya kumuuliza haja.

"Baba," Kageha akasema, "Wechuli atakuja kununua themostati ya gari la Oketch wa Usenge. Nakuomba, mwambie hakuna."

Alimweleza yote. Abeid alisikiliza mpaka mwisho bila kumkata, akasikitika kwa ulimi pale pa kusikitisha, na alipoambiwa gari linataka mgonjwa alitikisa kichwa kama aliyeambiwa linataka betri.

"Mama, maneno yako nimeyasikia, na mumeo namwombea shifaa. Lakini mimi nikianza kuuliza kila gari ni la nani kwa haki, nitamuuzia nani? Mji wote huu?" Akafungua mtoto wa meza na kutoa kijiboksi kidogo. "Ameshapiga simu. Nimeshamwekea."

Alimpa Kageha soda, na hakukubali kulipwa. Watu wema wa aina hiyo wako wengi Kisumu. Nchi nzima inaendeshwa kwa soda zao.

Themostati mpya ilikuwa na sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi. Ijumaa hiyo gari lilipata moto likiwa Bondo. Tom akasimamisha stendi, akaja kufungua mlango wa nyuma akitazama chini.

"Mzee, imepata moto."

"Lakini Tom, hapa ni Bondo," Kageha akasema.

"Mama Becky, si mimi. Ni mshale."

Fabian alishuka. Alikuwa mtu wa kushukuru, akashukuru. Siku hiyo walipata gari lingine na wakafika wamechelewa. Jumanne iliyofuata hawakupata. Oketch aliona mambo yanawezekana, akamwita Wechuli tena. Wechuli akaweka katoni mbele ya rejeta kuzuia upepo, na moto ukaja Nyamonye. Nyamonye ni karibu sana na Usenge hivi kwamba Fabian alikuwa akirudi kwa pikipiki ya jirani na kukuta mandazi ya Kageha hayajapoa. Kila kitu kilichotengenezwa kwenye lile gari kilipunguza safari yake. Injini haikuwahi kuwa nzima namna ile.

Viatu vilikataa tena. Fabian alianza kuombea baridi. Alikuwa anaamka kabla ya jua na kutoa mkono nje ya dirisha, akisikia kama upepo wa ziwa umekuja na ubaridi wa kutosha. Mvua ikinyesha alitabasamu. Kulikuwa na wazee waliosali pamoja naye kanisani, wakaomba Mungu alete baridi Usenge, na hakuna aliyependekeza waombe jambo lingine.

Mwishowe Wechuli alimfundisha Tom kuweka jiwe juu ya pedeli ya mafuta, gari likiwa limesimama uani. Katoni mbele, jiwe chini, mgonjwa nyuma. Injini inapanda moto papo hapo bila kuzungusha gurudumu. Tangu hapo Fabian alibebwa asubuhi kutoka kitandani kwake mpaka uani kwa Oketch, akaketishwa ndani ya ambulensi iliyosimama, akasubiri mpaka mshale upande, akashushwa. Oketch akatoka amevaa, ananukia, akapanda mbele.

"Asante, mzee. Mungu akubariki. Leo nina haraka, lakini siku moja tutakufikisha."

Kisha gari likaenda Kisumu, likapita mbele ya lango la hospitali, nyuma pakiwa patupu.

Ungedhani watu wangekataa. Hawakukataa. Walipanga foleni. Fabian alikuwa amedhoofika na kuna asubuhi hakuweza kuinuka, kwa hivyo wengine walianza kuja getini kujiweka tayari: Nabututu na kikohozi chake, mzee wa presha, binti wa kifafa na mama yake. Walikuja mapema wakakaa kwenye ukuta, kila mmoja na kadi yake ya hospitali imefungwa kwenye nailoni. Walikuwa wakisema huenda leo isipate moto haraka. Walisalimiana vizuri. Mwenye hali mbaya zaidi alipishwa mbele.

"Nyinyi ni wagonjwa au ni kuni?" Kageha aliwauliza asubuhi moja, mbele ya wote.

"Mama Becky, punguza," mzee wa presha akasema. "Mwenyekiti akikasirika hata hii nafasi tutakosa."

"Nafasi ya kwenda wapi?"

Mzee akasogea mbele kidogo kwenye ukuta. Zamu yake ilikuwa karibu.

Jumanne moja Fabian aliketishwa nyuma kama kawaida. Kageha alikuwa amesimama mlangoni, anamshikia bega. Jiwe lilikuwa juu ya pedeli na injini ilikuwa inalia laini, kama cherehani. Tom alikuwa anakunywa chai. Kisha, mshale ukiwa nusu, gari likatikisika. Moshi mweupe ukatoka. Kioo kikaanza kulia.

Wechuli, ambaye alikuwa amekuja kuangalia breki, aliinama akasikiliza boneti. Akagusa paipu. Akagusa pampu. Akasimama wima.

"Si nozo," akasema. "Ni mzee. Amekufa."

Ndivyo walivyojua. Mkono wa Kageha ulikuwa bado begani mwake.

Oketch alitoka mlangoni akifunga kifungo cha mkono. Alitazama, akavua kofia, akasimama kwa heshima muda wa kutosha watu kuona. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ya msiba, "Imefika wapi?"

"Nusu," Tom akasema.

"Nani anafuata?"

Kageha aliomba mwili ufikishwe nyumbani na gari. Ni karibu tu, akasema. Lakini kila mtu aliona kwamba injini ilikuwa nusu baridi na lingerukaruka vibaya, na maiti hairukishwi. Kwa hivyo walimshusha Fabian, wakamlaza kwenye mkokoteni wa sukuma wa Nabututu, na Nabututu akapanda mahali pake. Injini ikatulia.

Fabian alizikwa Usenge, nyuma ya kibanda, kwenye kipande alichokinunua mwenyewe. Ndugu zake wa Maragoli walinung'unika, lakini mtu aliyekosa gari la kumpeleka Kisumu akiwa hai angelipata wapi la kumpeleka Maragoli akiwa ndani ya sanduku?

Usiku wa kuamkia mazishi Kageha hakulala, na kulipokucha alizunguka kwa wale wa foleni, mmoja baada ya mwingine.

"Oketch atakuja na gari. Hotuba zitakuwa ndefu, gari litapoa. Wakati wa kuondoka atataka mtu. Leo asipande mtu mgonjwa."

"Sasa atapanda nani?" Nabututu akauliza.

"Mimi. Mimi sina ugonjwa. Litaruka, litazima hapo hapo kando ya kaburi, na hatakuwa na pa kwenda. Atakaa ndani ya hilo gari na atanisikiza. Nitamwambia beseni za omena. Nitamwambia kitanda. Nitamwambia king'ora. Mbele ya watu wote, mpaka jioni."

Nabututu alikohoa, akafuta mdomo, akasema sawa. Na wengine wakasema sawa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Usenge foleni kukubaliana juu ya kitu.

Oketch alikuja. Kulikuwa na manyunyu kutoka ziwani. Alizungumza mwisho, kama ilivyo desturi ya wakubwa, wenye njaa wakiwa wanasikia sufuria nyuma ya nyumba. Alisema Fabian alikuwa rafiki yake wa kila asubuhi. Alisema inauma mtu kufa hivi, katika karne hii, kwa sababu ya kukosa usafiri. Alisema ameongea na watu wa juu.

"Nawaahidi hapa, mbele ya kaburi hili. Usenge itapata ambulensi."

Watu walipiga makofi. Walipiga makofi kweli, kwa mikono miwili, mvua ikiwalowesha, na nyuma yao lile gari lilikuwa limelowa pia, na herufi zote zilikuwa zimetokeza, nyekundu, moja baada ya nyingine.

Tom akawasha. Gari likatikisika, likajaza moshi mweupe kwenye mashada. Oketch alishusha kioo, akawatazama waombolezaji kwa upole. Nabututu alitazama viatu vyake. Mzee wa presha alitazama ziwa. Mama wa yule binti alimvuta binti nyuma ya kanga yake. Hakuna aliyesogea.

Kageha alitoka kando ya kaburi. Alikuwa na nguo nyeusi iliyoshonwa na Fabian kabla hajaugua, na magoti yake yalikuwa na udongo. Alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akapanda, akakaa penye alama za bolti, na kufungua mdomo kuanza na beseni la kwanza la omena.

Injini ikatulia.

Ilitulia kabisa. Moshi ukakatika, kioo kikanyamaza, na pale msibani ikasikika sauti laini ya mshono mmoja baada ya mwingine, kitambaa chepesi, sauti aliyolala nayo chumba kimoja miaka yote ya ndoa yake. Kageha alifunga mdomo. Alitazama mikono yake, akaigeuza. Akatazama miguu yake iliyokuwa imevimba kwa sababu ya kusimama. Alikuwa anasikiliza injini kama mtu anayesomewa majibu na daktari.

Nabututu alisogea dirishani.

"Mama Becky," akasema.

"Nimesikia," Kageha akasema.

Oketch aligeuza shingo kutoka kiti cha mbele. "Hata wewe?" akauliza. "Pole sana." Kisha akamwambia Tom, "Twende."

Siku hiyo kulikuwa na baridi kuliko kawaida, kwa hivyo walimfikisha Nyamonye. Tom alifungua mlango wa nyuma akitazama chini. Kageha alishuka, akasimama kwenye manyunyu, akaliangalia gari likienda upande wa Kisumu bila kuruka hata kidogo. Alisoma ubavu wake mpaka herufi zikawa ndogo sana.

Akarudi Usenge kwa miguu. Siku chache baadaye, asubuhi alipofika kwenye ukuta wa Oketch na kadi mpya ndani ya nailoni, foleni ilimsalimia vizuri, ikampisha mbele.